Jina Baya Juu ya Barafu: Sifa ya Timu Inavyougusa Mkono wa Refa wa Hoki

Tarehe 11 Januari 1976, katika ukumbi wa Spectrum mjini Philadelphia, mabingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, waliwakaribisha CSKA ya Moscow, timu ya jeshi la Kisovieti. Wenyeji, Philadelphia Flyers, walijulikana kila palipochezwa hoki ya barafuni kwa jina la Wababe wa Broad Street. Kipindi cha kwanza, beki wao Ed Van Impe alitoka kwenye kibanda cha adhabu, akamwendea Valeri Kharlamov, nyota wa wageni, na kumgonga. Kharlamov akalala juu ya barafu. Mwamuzi Lloyd Gilmour hakuinua mkono, ishara ya kutoa adhabu. Kocha wa Wasovieti, Konstantin Loktev, akawaita vijana wake na timu nzima ikaondoka uwanjani. Waliporudi baada ya mazungumzo marefu, walikuta wamepewa adhabu ya dakika mbili kwa kuchelewesha mchezo. Flyers, wakiwa na mtu mmoja zaidi, wakapata bao la kwanza kupitia Reggie Leach. Mechi ikaisha 4-1.

Kwa sisi tuliozoea kusema kwamba refa humwandama mwenye jina baya, tukio hili linasumbua. Timu iliyoongoza kwa sifa ya rafu ilimwangusha mchezaji hatari wa wageni bila kuadhibiwa, na timu iliyosifika kwa pasi safi ndiyo iliyokwenda kucheza pungufu. Adhabu yenyewe ya kuchelewesha mchezo ilikuwa halali kikanuni. Lakini swali linabaki palepale: je, jina la Flyers liliwaponza au liliwabeba?

Nimelifuatilia swali hili kwa muda mrefu, katika tafiti na katika mechi, na naamini yote mawili hutokea, wakati mwingine ndani ya mechi moja. Ndiyo maana mabishano ya "tumeonewa" na "wanabebwa" hayaishi. Kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Anachokiona refa

Uwanja wa NHL una urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26, umezungushiwa ukuta pande zote. Ndani yake wamo wachezaji kumi wanaokimbizana, makipa wawili na waamuzi wanne. Wawili kati ya wanne hao, wenye utepe wa rangi ya chungwa mkononi, ndio waamuzi wakuu wanaotoa adhabu. Wenzao wawili wa mstari hushughulika zaidi na kuotea na kuanzisha mchezo. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachogombaniwa, hupigwa kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 160 kwa saa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 mwamuzi mkuu alikuwa mmoja tu. Msimu wa 1998-99 ndipo ligi ilipoanza kuweka wawili katika baadhi ya mechi.

Kadi hazipo katika mchezo huu. Mchezaji aliyekosa hutoka na kukaa kwenye kibanda cha adhabu, dakika mbili kwa kosa dogo, tano kwa kosa kubwa, na timu yake hucheza pungufu. Kwa wastani, timu yenye mtu zaidi hufunga karibu mara moja katika kila nafasi tano za namna hiyo. Kwa hiyo mkono wa refa unapopanda, ni kana kwamba ametoa sehemu ya tano ya bao, katika mchezo ambao mechi nyingi huamuliwa kwa bao moja.

Sasa sogea karibu na kona ya uwanja. Mshambuliaji anaifukuza paki ukutani, beki yuko nyuma yake kwa urefu wa mkono. Gongo la beki linapita kiunoni mwa mwenzake, ncha yake inagusa glavu. Mshambuliaji anapunguza mwendo, anayumba, goti la kulia linagusa barafu. Alinaswa kwa gongo, au kiatu chake kiliteleza? Refa yuko mita kumi na tano kutoka hapo, anarudi kinyumenyume ili asizibe njia, na mgongo wa mchezaji wa tatu umepita mbele ya macho yake katika nusu sekunde iliyobeba jibu lote. Ameona mwanzo na ameona mwisho. Katikati hajaona.

Mkono ama utapanda ama utabaki chini. Refa hana ishara ya "labda." Ukipanda, filimbi haipulizwi mpaka timu iliyokosa iiguse paki, kwa hiyo atateleza huku na huko kwa sekunde kadhaa mkono ukiwa hewani, ukumbi mzima ukimtazama. Usipopanda, benchi moja litamfokea mpaka mapumziko.

Hapo katikati, palipokosa picha, ndipo sifa ya timu inapoingia. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Refa aliyechezesha mechi ya wiki iliyopita ambayo beki yuleyule alinasa watu mara tatu, au aliyesikia waamuzi wenzake wakiizungumzia timu ile, atauona mwanzo na mwisho wa tukio na akili yake itaunganisha vipande kwa uzi alionao. Hapangi wala haoni kwamba anapanga. Kwa jinsi anavyohisi yeye, ameona kosa.

Ningependa hili lieleweke vizuri, kwa sababu mazungumzo mengi huharibikia hapa. Watu hudhani upendeleo wa refa lazima uwe chuki, au rushwa, au kisasi. Mara nyingi ni jambo la kawaida kabisa la akili ya binadamu: pasipoonekana vizuri, tunategemea tunachokijua. Na tunachokijua si uongo kila mara. Timu inayonasa watu sana, katika tukio lenye utata, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa imenasa kweli. Mtaalamu wa hesabu angesema refa anafanya makadirio ya busara. Ila kanuni za mchezo hazimwombi makadirio. Zinamtaka aadhibu tendo alilolishuhudia, na tendo la leo halina deni la wiki iliyopita. Huo ndio mgogoro, na hauondoki kwa kumwambia refa "kuwa na haki," kwa sababu yeye tayari anaamini anayo.

Kuna tatizo jingine juu yake. Jina hutolewa kwa timu, ilhali rafu huchezwa na mtu. Samaki mmoja akioza, mtungo mzima unanuka. Kijana wa miaka 19 aliyesajiliwa juzi, ambaye hajawahi kupiga mtu ngwala, anavaa jezi ileile na kurithi jina ambalo hakulitafuta.

Kuku na yai

Mtu makini atauliza: tutajuaje? Timu yenye jina baya ikiadhibiwa zaidi, huenda ni kwa sababu inakosa zaidi. Takwimu za msimu haziwezi kujibu hilo peke yake. Dakika za adhabu hupima vitu viwili vilivyochanganyika, anachofanya mchezaji na anachokiona refa, na hakuna safu ya jedwali inayovitenganisha.

Jaribio maarufu la kuvitenganisha lilifanywa na Mark Frank na Thomas Gilovich, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Walianza na rangi ya jezi. Nyeusi ina jina lake lenyewe: ya ukali, ya hatari. Walipochambua misimu ya 1970 hadi 1986 waliona timu za hoki za NHL zenye jezi nyeusi zikiwa juu kwenye orodha ya adhabu. Bado ungeweza kusema timu kali huchagua rangi kali. Lakini Pittsburgh Penguins walibadilisha jezi zao kutoka bluu kwenda nyeusi katikati ya msimu wa 1979-80, wachezaji wakiwa karibu walewale. Katika mechi 44 za jezi ya bluu walikuwa na wastani wa dakika nane za adhabu kwa mechi. Katika mechi 35 za jezi nyeusi, dakika kumi na mbili.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipenda zaidi. Walitengeneza video za mpira wa miguu wa Kimarekani, matukio yaleyale, timu moja ikiwa imevaa nyeupe katika toleo moja na nyeusi katika jingine. Wakawaonyesha mashabiki na waamuzi wenye uzoefu. Waliotazama toleo la jezi nyeusi walikuwa wepesi zaidi kuona kosa linalostahili adhabu. Tendo ni lilelile, jezi ni tofauti, hukumu ikabadilika. Hata hivyo watafiti hao hawakumtupia refa mzigo wote: katika jaribio jingine waligundua kwamba watu waliovalishwa nyeusi wenyewe huchagua michezo mikali zaidi. Refa anaona ukali zaidi, na mchezaji anakuwa mkali zaidi. Vyote kwa pamoja.

Haifai kuishia hapo, maana hadithi tamu huchukuliwa kuwa ya mwisho. Msimu wa 2003-04 NHL ilibadilisha utaratibu, wenyeji wakaanza kuvaa jezi za rangi na wageni nyeupe, kinyume cha zamani, na hilo likawapa watafiti nafasi mpya. Caldwell na Burger, mwaka 2011, hawakuona athari ya rangi. Webster na wenzake, mwaka 2012, waliona timu zikiadhibiwa zaidi zilipovaa jezi za rangi kuliko zilipovaa nyeupe. Suala la jezi, basi, bado linabishaniwa. Mimi sikulileta kwa ajili ya rangi yenyewe. Nililileta kwa sababu ya ile video: inaonyesha njia ambayo matarajio hupitia.

Ushahidi wa karibu zaidi na swali letu unatoka kwenye soka. Mwaka 2002 Jones, Paull na Erskine waliwachukua waamuzi 38 na kuwaonyesha matukio 50 ya kugombea mpira. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba timu mojawapo, iliyovaa bluu, ina sifa ya kucheza rafu. Kundi la pili halikuambiwa lolote. Waamuzi walioambiwa hawakuongeza idadi ya faulo kwa namna ya maana. Waliongeza kadi. Makosa yaleyale, waliyoyaona makundi yote mawili, yalihesabiwa kuwa mazito zaidi.

Matokeo hayo yalinibadilisha mawazo. Nilikuwa nikidhani sifa mbaya humfanya refa azue makosa yasiyokuwepo. Kumbe inapofanya kazi kwa nguvu ni kwenye uzito: inamfanya aone nia mbaya pale ambapo kwa timu nyingine angeona uzembe. Katika hoki hiyo ni tofauti ya dakika mbili na dakika tano, na ni tofauti kubwa mno. Adhabu ndogo huisha mara tu wapinzani wanapofunga. Ile kubwa huendelea hadi mwisho hata kama wamefunga mabao matatu.

Athari hii iko hata pale ambapo watu hawagusani. Findlay na Ste-Marie walionyesha mwaka 2004 kwamba majaji wa mchezo wa kuteleza kwa mitindo juu ya barafu huwapa alama za juu wachezaji wanaowafahamu kwa sifa njema kuliko majaji wasiowajua wachezaji haohao. Kwa hiyo jina zuri nalo hulipwa. Timu inayosifika kwa nidhamu inapoteleza na kumgonga mtu, refa ana maneno tayari kichwani: bahati mbaya.

Wakati jina baya linapobeba

Turudi Philadelphia. Kama sifa ya rafu huongeza uzito wa hukumu, Flyers walishindaje? Walitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 1974 na tena 1975. Msimu wa 1974-75 Dave Schultz wa timu hiyo alikusanya dakika 472 za adhabu, rekodi ya NHL ambayo haijavunjwa. Ni karibu saa nane za kukaa kibandani katika msimu mmoja, na mwisho wa msimu akainua kombe.

Sehemu ya jibu ni ya kihesabu tu. Wachezaji wawili wakipigana, wote wawili hutoka kwa dakika tano na hakuna timu inayocheza pungufu. Dakika nyingi za Schultz hazikuigharimu timu yake kama zinavyotisha kwenye karatasi.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Refa hatoi adhabu ovyo. Ana kiwango kichwani cha mechi ya kawaida inavyoonekana. Timu inapokosa mara kumi katika dakika kumi, akiadhibu zote ataigeuza mechi kuwa gwaride la kuingia na kutoka kibandani. Basi anachagua yaliyo mabaya zaidi. Na anapochagua, kipimo chake kinasogea: kosa ambalo kwenye mechi tulivu lingestahili dakika mbili, hapa linaonekana dogo. Timu inayojulikana kwa rafu huja na kipimo hicho kimeshasogezwa kabla paki haijadondoshwa katikati. "Hawa ndivyo wanavyocheza." Sentensi hiyo inaweza kusemwa na refa anayeminya macho kutafuta kosa, na inaweza kusemwa na refa aliyeamua kulivumilia. Kwa timu moja, katika jioni moja, inaweza kuwa vyote viwili: gongo la kona linaachwa, kisha bega la katikati ya uwanja linapewa dakika tano.

Na kuna nguvu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoficha nyingine zote: hamu ya refa kuonekana hapendelei.

Tarehe 23 Machi 2021, Nashville Predators walikuwa wakicheza na Detroit Red Wings. Mapema kipindi cha pili Viktor Arvidsson wa Nashville aliadhibiwa kwa ngwala. Muda mfupi baadaye kipaza sauti cha mwamuzi Tim Peel, ambacho hakikuwa kimezimwa, kiliwafikishia watazamaji wa televisheni maneno ambayo kwa ufupi yalikuwa haya: halikuwa kosa kubwa, ila nilitaka kuwapa Nashville adhabu mapema. Sentensi ilikatika kabla ya kumalizika. Siku iliyofuata NHL ilitangaza kwamba hatachezesha tena mechi za ligi hiyo. Alikuwa tayari anakaribia kustaafu mwezi uliofuata.

Wengi walishtuka. Waliosoma takwimu hawakushtuka sana. Michael Lopez na Kevin Snyder walikuwa wamechapisha mwaka 2013 uchambuzi ulioonyesha waamuzi wa NHL wakielekea kusawazisha adhabu, hasa katika mechi za mtoano. Mwaka uliofuata Jason Abrevaya na Robert McCulloch walionyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine: timu iliyoadhibiwa mara ya mwisho ina nafasi ndogo ya kuwa ndiyo itakayoadhibiwa tena. Ukishapewa adhabu mbili mfululizo, ya tatu huwa inamnyemelea mwenzako.

Sasa weka hesabu hizi pamoja. Chukua mechi ya kufikirika. Timu moja inakosa mara kumi na mbili, nyingine mara sita. Refa anayetaka mizani isionekane imelala ataadhibu, tuseme, mara nne huku na tatu kule. Timu ya kwanza imefanya makosa maradufu na imelipa adhabu moja tu ya ziada. Makosa yake manane yamepita bure. Ya wenzake, matatu. Ukiitazama karatasi baada ya mechi utasema refa alikuwa wa haki, na shabiki wa timu ya rafu atalalamika kwamba bado wao ndio walioadhibiwa zaidi. Wote wawili wamesoma namba sahihi, na wote wawili wamepotea.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama jina la timu linagusa maamuzi asihesabu adhabu. Jumla ndiyo mahali ambapo athari mbili zinazovutana hufutana. Atazame matukio yenye utata, moja moja, na aulize: katika kona ile, pasipoonekana vizuri, nani alipewa nafuu ya mashaka? Na kosa lilipokuwa wazi, nani alipewa mbili na nani tano?

Jina la mjanja

Rafu si sifa pekee inayofuata watu. Kuna sifa ya kujiangusha, na hii hufanya kazi kwa upande wa pili: haimwongezei mtu adhabu tu, humnyima haki anapotendewa kosa la kweli. Aliyejirusha mara mbili, siku atakayopigwa ngwala hasa, refa atabaki mikono chini.

NHL yenyewe imelijenga jambo hili ndani ya kanuni. Kanuni ya 64 inaadhibu kujirusha na kutia chumvi kwenye mguso mdogo, na tangu msimu wa 2014-15 mchezaji anayerudia hupewa onyo, kisha faini inayoanzia dola 2,000 na kupanda hadi 5,000. Wakizidi, hata kocha hutozwa. Majina hutangazwa. Nia ni njema, kwa kuwa udanganyifu unaharibu mchezo. Ila fikiria refa anayesoma tangazo hilo asubuhi na kumchezesha mtu huyohuyo jioni.

Vancouver Canucks wanalijua hili. Januari 2010, baada ya kufungwa 3-2 na Nashville, mshambuliaji wao Alexandre Burrows aliwaambia waandishi kwamba mwamuzi Stéphane Auger alikuwa amemfuata kabla ya mechi na kumwambia kuwa atalipiza, kwa sababu katika mechi ya nyuma alitia chumvi kwenye kugongwa na kumfanya refa aonekane mjinga. Burrows aliadhibiwa mara kadhaa katika kipindi cha tatu. Ligi ilichunguza, ikasema madai yake hayangeweza kuthibitishwa, na ikamtoza faini ya dola 2,500 kwa kauli zake. Yaliyosemwa kati ya watu wawili kabla ya mechi hatuwezi kuyahukumu. Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba kilisadikika papo hapo kwa nusu ya mashabiki na kikakataliwa papo hapo na nusu nyingine, na kila nusu ilitoa hoja moja: jina. Wa kwanza walisema waamuzi wana orodha yao. Wa pili walisema Burrows ni Burrows.

Macho ya pili

Je, video inatibu? Kwa sehemu. Aprili 2019, katika mechi ya saba ya mtoano, Vegas Golden Knights waliongoza San Jose Sharks 3-0 katika kipindi cha tatu. Cody Eakin alimsukuma Joe Pavelski kwa gongo mara tu baada ya paki kudondoshwa. Pavelski akayumba, akagongana na mwingine, akaanguka kichwa kikapiga barafu, damu ikatoka. Waamuzi walitoa dakika tano. Sharks walifunga mabao manne katika dakika hizo na hatimaye wakashinda 5-4 katika muda wa nyongeza. Hapa aliyeamua hakuwa jina, ilikuwa damu, lakini utaratibu wa akili ni uleule: katikati hapakuonekana vizuri, na kitu kingine kikajaza pengo. Tangu msimu uliofuata, kwa sababu ya makosa kama hayo, waamuzi wanapotoa adhabu kubwa isiyo ya kupigana hutakiwa kuitazama tena kwenye skrini pembeni ya uwanja, kisha waithibitishe au waipunguze.

Ukikumbuka waamuzi 38 wa jaribio la 2002, utaona thamani ya mabadiliko hayo. Walikopotoka ni kwenye uzito, na uzito sasa una macho ya pili, yenye picha ya katikati iliyokosekana mara ya kwanza. Refa anayerudi kwenye skrini anaweza kuona kwamba bega lile, lililoonekana la kihuni kwa sababu ya jezi iliyolibeba, lilikuwa bega la kawaida lililochelewa.

Lakini adhabu nyingi katika hoki ni za dakika mbili, kunasa, kushika, ngwala, kumzuia asiye na paki, na hizo, isipokuwa chache, hazirudiwi. Mechi ingekuwa ya saa tano. Huko kwenye kona, mita kumi na tano kutoka kwa refa, mgongo wa mtu wa tatu ukiwa umeziba nusu sekunde, hakuna skrini. Kuna mkono wa refa na kile alichokuja nacho kichwani.